Mtafiti Aliyezikataa Asilimia Nne

Saa moja asubuhi, jua la maabara linawashwa kwa swichi. Mtafiti wa seli za jua anavaa miwani ya giza, anaweka chini ya taa seli yake, kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kisha anakifunika kwa bati jeusi lenye tundu katikati.

Bati hilo limempunguzia marafiki. Wenzake humwita Bi Kifuniko.

Jina lilianza mwaka jana, seli yake ilipogeuza asilimia ishirini na sita ya mwanga kuwa umeme, kiwango ambacho maabara hiyo haikuwahi kukigusa. Mkurugenzi alikwisha kuwaita wapigapicha. Mtafiti alibaki akiukodolea macho ukingo wa kioo, uliong'aa kuliko ilivyopasa.

“Mwanga ulikuwa ukipenya ubavuni,” anaeleza. “Seli inakula sahani mbili, sisi tunahesabu moja.”

Akachonga kifuniko, akapima upya. Ishirini na mbili.

“Sasa hawa wapigapicha niwaambie nini, Dokta?” aliuliza Mkurugenzi.

“Waambie wakapige picha harusi.”

“Lakini nani atajua?”

“Atakayeifunga kwenye paa lake.”

Ufanisi si pambo, kwani paa la mtu wa kawaida halirefuki. Lakini wafadhili nao hawasubiri: seli isipovuka ishirini na tano katika maabara huru, isiyo na uhusiano na yao, kabla ya mwaka kwisha, mradi utafungwa, na yeye na msaidizi wake watatafuta kazi nyingine.

Nyumbani hali si nyepesi zaidi. Mama yake, muuguzi mstaafu anayeishi naye, hana subira na sayansi.

“Mdogo wako kashika cherehani tu, kajenga. Wewe na shahada zote hizo unashinda ukiwasha taa mchana!”

“Mchana wa nje una mawingu, mama. Wangu hauna.”

“Na mshahara je, nao hauna mawingu?”

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Katika maabara hii, zilizoiva mapema, kama ile ishirini na sita, ndizo zilizowaumiza watu tumbo.

Kwa miezi kadhaa sasa amekuwa akilikausha polepole tabaka la juu la seli, linalopakwa likiwa majimaji. Likikauka kwa pupa hupasuka nyufa zisizoonekana kwa macho, na umeme hupotelea humo.

Leo, chini ya kifuniko, namba kwenye skrini zinayumba, kisha zinatulia: ishirini na tano nukta tatu.

Msaidizi wake anaruka. “Dokta! Tumevuka!”

“Shuka chini. Leta ya pili.”

Seli ya pili inasoma ishirini na tano nukta moja. Msaidizi anamtazama usoni akitafuta tabasamu, hapati. Mtafiti anazifunga zote mbili kwenye kisanduku chenye sifongo, tayari kwenda maabara huru, na bati jeusi analiweka juu yake.

“Zikirudi na namba pungufu, kesho tunaanza na tabaka la juu,” anasema. “Zikirudi na zaidi, nitauliza walipimaje.”