Herufi Kubwa Kwenye Duka la Nyavu

Watu huniita fundi, ingawa kompyuta nilizofungua kwa bisibisi ni chache, na mara nyingi nilibaki na skrubu nisiyojua imetoka wapi. Shule niliiacha kidato cha pili. Nikapita gereji, nikapita steshenari, nikapita ghala la pamba kule Bunda, na kila nilipokuta kompyuta nilikaa nikibonyeza kila kitu nione kinafanya nini. Kazi ikanishika hivyo. Naingia dukani, natazama mashine waliyonayo na mtu anayeitumia, nawaonyesha inavyoweza kuwafaa bila kununua nyingine. Butiama niliikuta moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Bunda nyingine ilikuwa inapiga muziki tu, na mwenye duka hakuwa na malalamiko.

Duka la nyavu lilikuwa Musoma mjini. Mwenyewe, mzee wa Kiislamu aliyerithi biashara kwa baba yake, alinipokea akiwa amekasirika tayari.

"Fundi, mashine imekuwa nzito. Namba inabadilisha, wateja wanarudisha mzigo. Kama imekufa niambie, ninunue mpya nimlete binti wa dada yangu aiendeshe. Amesomea."

Mama aliyekuwa anaiendesha alikuwa amekaa palepale, anasikia. Alitoka vijiji vya rasini, kando ya ziwa, na alikuwa ameanza kazi duka likiuza ndoana tu. Uso wake ulikaribia kugusa kioo cha kompyuta.

"Mama, samaki wanazeeka huko!" mvuvi mmoja alisema pale kaunta. "Nimekuja kununua nyavu, nitaondoka na ndevu."

"Ndevu zitakusaidia, baba. Uso huo unahitaji kufunikwa."

Watu wakacheka. Yeye hakugeuka.

Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri nilivuta kiti. Nilibonyeza hapa na pale, mashine ikajibu papo hapo. Nikamwambia mama haina tatizo.

"Najua," alisema. "Ni macho. Hospitali walisema mtoto wa jicho, nifanyiwe upasuaji. Nikiomba ruhusa mzee atauliza ya nini, na akishajua, huyo binti ndiye atakayekaa hapa. Usimwambie, mwanangu."

Sikumwambia. Nilikuza herufi mpaka majina ya bidhaa yakajaa kioo. Nikapunguza mwanga. Meza ilikuwa inautazama mlango, na mng'ao wa ziwa uliingia moja kwa moja machoni mwake, kwa hiyo tuliisukuma wote wawili mpaka ikageukia ukuta. Vitu asivyovitumia nikaviondoa.

Akakaa wima. Akasoma.

"Hii ni nane," alisema. "Nilikuwaga naisoma sita."

Nje gari la barafu lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mwaloni, wanakoshushia samaki, tukalisikiliza mpaka likazima.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni. "Mbona herufi kama za bango la mkutano?"

"Ndivyo inavyokwenda haraka, mzee."

Mteja aliyefuata alipata mzigo wake kabla hajamaliza salamu. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akanilipa, nikapanda gari kwenda Bunda. Nilikuwa nimeokoa kiti cha mtu kwa kubonyeza vitu vichache, na nakumbuka njiani nilikula karanga nikatazama mashamba ya pamba bila kufikiria chochote.

Niliporudi Musoma mvua zilikuwa zimeanza. Mzee ndiye aliyenipigia simu nije. Kwenye kiti alikaa binti wa dada yake, mpole, amejifunga ushungi vizuri.

"Mama yuko wapi?" niliuliza.

"Amepumzika," mzee alisema. Halafu, kwa kuwa sikuondoa macho, akaendelea. "Si zile herufi zako? Meza imegeukia ukuta, kila anayesimama kaunta anasoma kioo. Wavuvi wakaanza utani, duka la mzee lina herufi za kipofu. Utani, utani, mwisho nikamuuliza mwenyewe. Hakunificha. Amerudi kwao, fundi. Nimemwambia akatibiwe kwanza."

"Akipona?"

Mzee alimtazama binti, akatazama nyavu zilizoning'inia. "Akipona tutaona."

Binti alinisogezea kipanya. "Kaka, naweza kuzipunguza mwenyewe, ila mjomba ameniambia nisiguse mpaka uje. Zinanitia aibu."

Nilizipunguza. Zikarudi ndogo, safi, kama siku mashine ilipotoka kwenye boksi. Vidole vilifanya vyenyewe. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu, hata hasira, lakini sikusikia, isipokuwa mvua kwenye bati.

"Sasa itakwenda haraka?" mzee aliuliza.

"Ilikuwa inakwenda, mzee."

Binti alitaka tuirudishe meza ilivyokuwa, itazame mlango. Nilimwambia mgongo unaniuma, nikachukua begi langu.