Mshale Mwekundu kutoka Luano

Fundi aliinama juu ya injini, akanusa, kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu asubuhi:

— Mutoto, ulitembeza hii motoka yenye moto kwa muda gani?

— Dakika mbili, papa fundi.

Uongo. Mshale wa joto uligusa nyekundu mimi na mama tulipotoka Luano kumsindikiza mjomba uwanja wa ndege, ukakaa palepale mpaka kwetu Katuba, mvuke ulipofumuka. Sikusimama. Magari nimejifunza peke yangu, kwa video na daftari. Kila asubuhi napima maji na oili, halafu napima tena kwa sababu sikiamini kipimo changu cha kwanza. Mtu wa namna hiyo angesimamaje barabarani, boneti wazi, watu wakimtazama? Nikajiambia kilichoharibika ni mshale.

Gari ni kuukuu na ni la mama. Alikuwa ameshasema: kama ni mpira wa maji tu uliopasuka, tutengeneze. Kama kulasi, kile kifuniko kizito cha injini, imepinda kwa moto, atamuuzia mtu wa vipuri.

— Dakika mbili si kitu, fundi akasema. Nabadilisha mpira, kesho munaenda Lukafu kuchukua mahindi.

Nikaiona akilini injini ikizimika porini, mama amekaa juu ya magunia, ananitazama tu.

— Papa, haikuwa dakika mbili. Ni tangu Luano.

Fundi akapiga mluzi. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema taratibu:

— Miye pia niliona ule mushale.

— Mama! Sasa juu ya nini haukusema?

— Nikuambie weye? Siku nilikuambia umesahau kuzima taa, ulinuna mpaka bukari ikapoa kwenye sahani!

Fundi akashika tumbo kwa kicheko.

— Kumbe mulikuwa babili, mama na mutoto! Sasa, mama, tunaiuzisha?

Mama akaweka mkono juu ya paa la gari.

— Tuliiunguza bote babili. Fungua hiyo kulasi. Kama inaweza kunyooshwa, tengeneza. Mahindi itangoja.

Fundi akanipa spana nilegeze bolti ya kwanza. Nikauliza kama tunaanzia kando au katikati.

— Kando.

— Una hakika, papa?

— Mama, fundi akasema, miye ningeuzisha huyu.

— Mununuzi sijapata, mama akajibu.

Nikaanzia kando.