Kikombe cha Karanja

Saa tisa na robo alasiri, kila Jumamosi, mkono wa chuma wa mashine ya aiskrimu ulianza kulia. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu lori lililoleta barafu kutoka Nairobi lilifika saa nane na nusu, na baba yangu alihitaji dakika arobaini na tano kulitoa donge la barafu kwenye gunia na pumba za mbao, kuliosha, na kuliponda kwa nyundo juu ya sakafu ya jikoni. Kisha sauti ikaanza: vipande vya barafu vikisagana na chumvi ya mawe, krr, krr, mwanzo kwa haraka, baadaye kwa uzito, kadiri tunda lililokuwa ndani lilivyozidi kuganda. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, katikati ya shamba la kahawa kati ya Ruiru na Mugutha, na nyuma yake kulikuwa na harufu isiyokwisha ya maganda ya kahawa yanayochacha. Nikisikia leo mtu akisaga kokoto, naisikia ile mashine, na harufu ile hunijia puani bila kuitwa.

Baba alikuwa mpishi wa nyumba hiyo. Mwenye nyumba, meneja wa shamba, tulimwita Bwana, na mkewe tulimwita Memsahib. Majina yao nayajua lakini sitayaandika, maana hawakuwahi kuliandika la baba. Memsahib alikuwa na ugonjwa wa nyongo. Daktari alimkataza krimu, akamkataza na sukari, naye alikuwa mtu aliyeishi kwa aiskrimu. Ile mashine, ndoo ya mbao yenye kopo refu la bati ndani yake na mwiko wa mbao ndani ya kopo, ilikaa miezi minne juu ya kabati ikikusanya vumbi, na Memsahib akawa mkali kwa kila mtu. Ndipo baba alipoishusha. Hakuna aliyemwagiza. Alianza kwa juisi ya nanasi peke yake, ikaganda kama jiwe. Akajaribu nanasi na pasheni, ikawa chembechembe kama mvua ya mawe. Jumamosi ya tisa alitia ndizi zilizoiva mno, zile zenye madoa meusi ambazo Memsahib aliamuru zitupwe, akazipondaponda mpaka zikawa laini kama uji wa mtoto. Siku hiyo kilichotoka kwenye kopo kilikuwa laini, kizito, cheupe chenye umanjano, na hakikuwa na tone la krimu wala chembe ya sukari. Memsahib alikula vibakuli viwili. Nyongo haikumsumbua.

Baba hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Mimi nilikuwa na miaka tisa, darasa la pili, na kwa kuwa nilipewa jina la mama yake aliniita Maitu, yaani mama yangu, kama ilivyo desturi yetu. Kila Jumamosi alinikalisha kwenye ngazi ya nyuma ya jikoni na daftari na kalamu ya risasi, akanitajia, nami nikaandika kwa Kiswahili cha shule: ndizi tano zenye madoa, nanasi nusu, lichujwe, pasheni sita, ndimu moja, barafu vikombe vinane kwa chumvi kikombe kimoja, zungusha dakika ishirini na tano, pangusa kifuniko mara tatu kabla ya kufungua, maana chembe moja ya chumvi huharibu kopo zima. Aliniandikisha hata makosa. Alitaka kila kilichoingia na kila kilichotoka kionekane. Bwana mwenyewe ndiye aliyependa kuwaambia wafanyakazi, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Baba aliuamini msemo huo kama watu wanavyoamini Injili. Alikuwa mtu wa namna hiyo; alidhani ukweli ukiandikwa unamlinda aliyeuandika.

Mashine haikuweza kuzungushwa na mtu mmoja mpaka mwisho. Dakika kumi za mwisho baba alipokewa na Wafula, mtunza bustani, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia. Wafula alikuwa akizungusha huku akiuliza watu hawa walikosa nini kwao hata wakaja mpaka Ruiru kula uji wa baridi. Alimwambia baba kuwa siku akirudi nyumbani kwao hatalisimulia jambo hili, kwa sababu mama yake atadhani amerogwa. Kulikuwa na desturi katika jiko lile, tangu siku za krimu: kilichobaki kimeshika kwenye mwiko ni cha waliozungusha. Memsahib alijua na aliruhusu. Mwiko ulitolewa, baba akakwangua upande mmoja, Wafula upande wa pili, nami nikapewa ncha. Ila walilamba papo hapo, wamesimama. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba desturi hiyo ilikuwa na mpaka. Tulikuja kuuona tulipokwisha kuuvuka: kulamba kulikuwa halali, kubeba kulikuwa wizi.

Mwezi huo surua iliingia kwenye vyumba vya wafanyakazi. Mdogo wangu Karanja alikuwa na miaka minne. Upele ukamfunika uso, macho yakafumba, halafu kinywa chake kikajaa vidonda mpaka kwenye koo. Kuanzia Jumatano jioni hakumeza kitu. Mama alimpa uji, akautema akilia. Alimpa maziwa, akageuza uso. Maji yenyewe yalimchoma. Mhudumu wa zahanati alimwambia mama kwamba surua haiui watoto wengi kama njaa na kiu inayokuja nayo, akampa dawa ya kupaka, akamwambia ajitahidi mtoto anywe chochote. Hilo lilikuwa agizo lote. Ijumaa Karanja aliacha kulia. Mama aliniambia kwamba mtoto mgonjwa anayelia bado ana nguvu. Watoto wawili wa safu ile ya vyumba walikuwa wamezikwa tayari.

Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini, mwiko ulitoka kwenye kopo. Baba hakuulamba. Alimtazama Wafula, na Wafula, ambaye kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania, akasema, "Chukua na upande wangu." Baba alikuwa amekuja na kikombe chetu cha bati chenye rangi ya buluu, kilichobanduka ukingoni. Akaukwangua mwiko pande zote mbili na ncha yangu pia, kikajaa sawasawa na ukingo, akakifunika kwa jani la mgomba na kutembea nacho hatua mia mbili na kumi mpaka chumbani kwetu. Nilizihesabu nikiwa nyuma yake.

Mama alichota kidogo kwa ncha ya kijiko akamwekea Karanja kwenye mdomo. Karanja alishtuka, akafumba midomo, tukangoja apige kelele. Kisha koo lake likasogea. Baridi ile ilikuwa imefisha maumivu kabla ya maumivu kufika. Akafungua mdomo mwenyewe. Alikula kikombe kizima kwa nusu saa, mimi nikimshikia mama kikombe. Usiku huo alikunywa maji. Asubuhi aliomba uji. Na mimi, kwa kuwa nilifundishwa kuandika kila kilichoingia na kila kilichotoka, Jumamosi ile ile nilifungua daftari na chini ya hesabu ya ndizi na nanasi nikaandika kwa herufi zangu za duara: Kikombe kimoja, Karanja. Amekula chote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili Memsahib alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, na mgeni mmoja wa kike, aliyewahi kukionja Jumamosi moja, akausifu utamu wa kile kitu, akataka kujua kinavyotengenezwa. Memsahib akaagiza daftari liletwe mezani. Baba alilileta mwenyewe, kwa mikono miwili, akiona fahari. Bwana alikuwa akijua kusoma Kiswahili, akawa anawatafsiria wageni mstari kwa mstari, na wote wakawa wanashangaa usahihi wa mpishi. Kisha akafika kwenye mstari wangu. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango na sinia. Alimwona Bwana akisoma kimya, akiinua macho, akiuliza kwa upole Karanja ni nani. Baba akamjibu kuwa ni mwanawe, na kwamba sasa hajambo, ashukuriwe Mungu. Alidhani anaulizwa hali.

Jumatatu saa mbili asubuhi tuliitwa kwenye baraza ya mbele, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Memsahib alikuwa amekaa nyuma ya dirisha, akisikiliza. Bwana alikuwa na daftari mkononi. Nakumbuka kwamba hakukasirika. Ningemsamehe zaidi kama angekasirika. Alieleza kwamba matunda hayakuwa jambo kubwa, lakini barafu ilikuwa yake, chumvi ilikuwa yake, na mtu anayebeba kikombe leo kesho atabeba gunia, na wakati kama huu wa hali ya hatari, mtu anayetoa chakula ndani ya nyumba anaweza kuwa anakipeleka msituni kwa wapiganaji. Msituni! Mtoto wa miaka minne, hatua mia mbili na kumi.

Akamwita Wafula aseme alichokiona. Wafula alivua kofia. Alisema aliona mtu akitembea na kikombe. Alipoulizwa ndani ya kikombe kulikuwa na nini, akajibu, "Bwana, mimi ni mtu wa maua." Wafanyakazi waliokuwa kwenye ua wakaangalia chini ili wasicheke.

Bwana akaliinua daftari. "Nani iko andika hii?"

Nilifungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Ni mimi, Bwana."

Bwana alijua ni uongo. Kila mwezi alimwona akihangaika na jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya mshahara. Hata hivyo aliukubali, kwa sababu ulimfaa. Akachukua kitabu cha pasi cha baba, ambacho bila hicho Mkikuyu hakuruhusiwa siku hizo kufanya kazi wala kusafiri hata kutoka Ruiru kwenda Thika, akaandika ndani yake neno moja la Kiingereza. Akatuambia tuwe tumehama kabla ya adhuhuri ya kesho. Zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi uishe. Mshahara wa mwezi, shilingi sitini na nne, alisema utabaki kulipia barafu, chumvi, na kikombe. Baba hakudai kitu ila daftari. Akaambiwa daftari ni mali ya jiko.

Tulipelekwa na askari kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, upande wa Gatundu, ambako hakukuwa na darasa la tatu la kuniingiza. Shule yangu iliishia hapo. Mengine niliyoyajua niliyatafuta mwenyewe, kitabu kwa kitabu, na cha kwanza kilikuwa kamusi niliyoazimwa na katekista, miaka mitatu baadaye, kwa ajili ya lile neno moja kwenye pasi ya baba. Lilikuwa na maana ya mwizi. Nilimwambia baba ni neno la kusema kazi imekwisha. Nadhani alijua, maana kwa neno hilo alinyimwa kila jiko aliloomba kutoka Ruiru hadi Thika. Alikufa akiwa mvunja mawe. Mtu aliyegundua kwa Jumamosi tisa namna ya kugandisha tunda bila krimu alimaliza maisha akivunja mawe ya barabara.

Sasa ninakaa Kiganjo, hapa Thika. Nina friza ndogo na mashine ya kusagia ya umeme. Ndizi nazikata vipande na kuzigandisha usiku kucha, nanasi vilevile, kisha nazisaga dakika mbili, na natia ndimu moja. Hakuna barafu ya kuponda wala chumvi. Mwaka jana mwalimu wa mapishi alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani kutufundisha chakula hiki, akisema ni kitu kipya, kizuri kwa afya, na kwamba kimetoka ng'ambo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza amewahi kusikia kuhusu ndizi zenye madoa meusi, akasema ndiyo, hiyo ndiyo siri yenyewe, imeandikwa kwenye kijitabu cha mapishi cha zamani cha wake wa walowezi. Alinionyesha ukurasa. Ndizi tano. Nanasi nusu. Pasheni sita. Kifuniko kipanguswe mara tatu. Juu yake kulikuwa na jina la Memsahib, na la baba halikuwapo.

Watu huniambia hasira hupungua kwa umri. Yangu haijapungua; imepata mpangilio tu. Karanja huja Jumapili, mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu wawili, anakula bakuli la kwanza na kuomba la pili. Hakumbuki surua, hakumbuki baraza. "Dada, achana na hayo," huniambia. "Mimi si niko hai?" Yuko hai, na ninamshukuru Mungu, na siachani nayo. Nampimia bakuli lake kwa kikombe kile kile cha buluu kilichobanduka ukingoni, kikombe chetu, tulichonunua sisi wenyewe sokoni Ruiru, na ambacho baba alitozwa kama mali ya Bwana. Barafu ilikuwa imeyeyuka siku mbili kabla ya hukumu. Ilikuwa maji, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini bei yake ilikatwa, na haijarudishwa mpaka leo: shilingi sitini na nne.