Ndama wa Mzee Kibet

Nakumbuka asubuhi ile Mzee Kibet alipofika nyuma ya hospitali tuliyofanyia kazi hapa Eldoret, akiwa na ndama kwenye pikapu. Usicheke, mwanangu. Ndama huyo nilimwitisha mimi.

Enzi zile za chama kimoja, watoto wakinywa maziwa ya bure shuleni, mimi nilikuwa kijana wa maabara, koti jeupe limepigwa pasi hadi linakaribia kusimama lenyewe. Tulikuwa tukikuza seli za saratani kwenye chupa, tujue kwa nini zinaacha mahali zilipoanzia na kwenda kukaa kwingine mwilini. Mke wa Mzee, Mama Jeruto, alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Alikubali tuchukue kipande cha uvimbe wa kwapani. Sasa, seli hizo hulishwa majimaji yanayotengwa kutoka kwa damu ya ndama, na yetu yalikuwa yameisha. Nikamwambia Mzee, naye akatoka Kesses na ndama jike wa ng'ombe wake wa pekee. Tukampeleka kichinjioni.

"Daktari, hii kitu ikikua vizuri, Mama atapona?" aliniuliza.

Sikuwa daktari, lakini jina hilo lilinikaa vizuri. Nilijua kabisa kwamba chupa ile haingemponya mama yule. Ilikuwa ya kujifunza, na faida yake labda wangeipata wagonjwa wa miaka ya mbele. Nikamjibu, "Tutaona, Mzee."

Seli zikakua, mwanangu! Nilizitazama kwa hadubini nikacheka peke yangu. Kila nilipopita wodini Mama Jeruto aliinua kichwa. "Zinaendelea aje?"

"Zinakua, Mama."

Muuguzi alimwambia yuko huru kurudi nyumbani, kwa kuwa matibabu hayakuwepo tena. Akakataa. Alisema anangoja dawa itoke kwenye chupa. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia, nikajifanya kurekebisha dirisha. Alifia kwenye kitanda kile, wakati kwao wanavuna mahindi.

Mzee alipokuja kuchukua mwili, ndipo nikamweleza ukweli wote. Alikaa kwenye benchi akanisikiliza hadi mwisho. Hakunifokea, na heri angenifokea.

"Ungeniambia mapema, huyo ndama bado ningekuletea," akasema. "Si ni kusaidia watu? Lakini Mama alikuwa anataka kwenda nyumbani. Mimi ndiye nilimkataza. Nilimwambia angoje dawa."

Nimezeeka, na bado maneno hayo yananichoma. Watu wale walikuwa tayari kutupatia kila kitu. Mimi nilimnyima mama yule siku zake za mwisho na watoto wake, kwa kuogopa kutamka sentensi moja.

Basi wewe unayeingia maabara, kabla hujamgusa mgonjwa, mwambie waziwazi: hiki tunachochukua hakitakuponya wewe. Mwambie kwa lugha anayoielewa, ukae naye hata akilia. Akikataa, mshukuru uende zako. Na akiwa na nyumbani kwa kwenda, mwache aende.

Mungu akupe macho makali kazini, mwanangu, na akupe moyo wa kusema ukweli ungali na faida. Uzeeke ukilala usingizi mzuri kuliko wangu.