Jina Nililolipa Zimwi

Mimi huandika hadithi za watoto, na najiona fundi wa kubuni majina. Shujaa wangu mpya nilimwita Radi. Jina la zimwi ndilo lililonisumbua, mpaka siku moja kituoni Lembeni nikasikia mtu akiitwa Mbonea. Mimi niliyekulia Dodoma sikuwahi kulisikia, nikaona ni zito na linatisha. Nikalichukua.

Wiki iliyopita mchumba wangu, Elisante, alinipeleka Vudee, upande uleule wa Lembeni, kunitambulisha kwao. Baada ya chakula wakaniomba niwasomee hadithi yangu. Nikasimama, nikasoma kwa mbwembwe: Mbonea mwenye kitambi, Mbonea anayenuka mdomo, Mbonea anayekoroma hadi migomba inaanguka. Dada zake Elisante wakajifunika kanga usoni. Nikadhani nimewakuna, nikapaza sauti zaidi. Elisante akanivuta sketi, nikausukuma mkono wake.

"Wifi," dada mmoja akaninong'oneza, "Mbonea ni baba."

Miaka yote ya uchumba wetu mimi nilimsikia akiitwa Baba Elisante tu. Mzee akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Nataka kusikia nakufaje."