Mama Mkwe Chini ya Kanopi

Watu wa mtaa wa Galbet, Garissa, humwita Mahat Kanopi, naye huitika bila kinyongo, maana kanopi ile ameishi nayo muda mrefu kuliko alivyoishi na mkewe. Aliinunua mnadani, nyeupe, ya fiberglasi, imetoka kwenye gari la shirika fulani la misaada, akaipachika iwe paa la nyuma ya pikapu yake ya kubebea mizigo kati ya Garissa na Dadaab. Haikukaa vizuri. Kwa nyuma palibaki ufa wa kupitisha vidole, akauziba kwa sponji ya godoro kuukuu. Vumbi likaila sponji. Mikate ikawa inafika Dadaab na mchanga wake, wenye mikate wakapiga kelele, Mahat akaapa kwamba kesho ataiziba vizuri. Kesho hiyo haijafika mpaka leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema watu wa pwani, lakini Mahat si mtu wa pwani na ushauri wa bure huwa haumwingii.

Ekzosi, bomba la kutolea moshi, nayo ilikuwa imetoboka. Juma moja kabla ya kisa hiki alimbebea mbuzi mfanyabiashara mmoja aitwaye Khalif, na mbuzi mmoja akafika amekufa. "Ni joto," alisema Khalif. "Ni joto hilo," akaitikia Mahat, tena upesi mno.

Ndipo Nasteha, mkewe, akajifungua mtoto wa kike, na kutoka kitandani akatoa amri moja tu: "Niletee mama yangu."

Mama huyo, Muslimo, anaishi Dadaab. Sasa hapa lazima uelewe haya ya wakwe wa huku. Mahat hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, wala Muslimo hakuwahi kulitaja jina la Mahat kinywani. Wakikutana njiani, mmoja huinamisha macho na mwingine huvuta mtandio. Si chuki. Ni heshima, na kila mmoja anaijua sehemu yake.

Kwa hiyo Mahat alipofika kumchukua, Muslimo alitoka na furushi la nguo za mtoto na mbuzi wa kuchinjwa kwa akika yake, akapita kando ya kiti cha mbele kana kwamba hakipo, akaenda moja kwa moja nyuma.

"Eedo, mbele pana nafasi," Mahat akasema, akimwita shangazi kwa heshima, macho kwenye tairi.

"Hapa panatutosha," Muslimo akajibu, na maneno akamwelekezea mbuzi.

Mahat akafanya kila jambo ambalo mkwe mwema angefanya. Alimtandikia godoro karibu na kabini, mbuzi akamfunga kule mwisho. Alifunga madirisha ya pembeni ya kanopi ili watu wa barabarani wasimwone mama wa watu. Alitundika leso kwenye kioo cha nyuma ya kiti chake, ili macho yake yasije yakateleza. Kisha, kwa kumwonea huruma, akauinua kidogo mlango wa nyuma wa kanopi na kuutegemeza kwa kijiti kifupi, apate hewa.

"Ukitaka tusimame, eedo, gonga kioo."

Muslimo alijua hatagonga. Kumgongea mkwe kioo ni kumwita, na kumwita mkwe ni sawa na kumtaja jina.

Yeyote aliyeishi na kanopi anajua kwamba ukifunga pembeni kote ukaacha nyuma wazi, gari likikimbia huvuta vumbi lake lenyewe na kulimeza. Mahat alilijua hilo kwa sababu ya mikate. Lakini pale panapopita vumbi hupita moshi pia, na kuhusu moshi hakuwa amewaza hata siku moja. Alikuwa ameshika usukani, moyo umemtulia, na nyuma yake mbuzi akilia meee kila gari liliporuka shimo. Sauti ile ilimfurahisha. Wako salama, akajiambia.

Kwenye kizuizi cha polisi askari aligonga kanopi kwa kiganja. "Nyuma kuna nini? Fungua."

Mahat alishuka mbio. "Afande, walahi, huko iko mama ya bibi yangu. Mimi hawezi fungulia mtu mama ya bibi yangu. Mbuzi unasikia mwenyewe. Kitambulisho yake hii hapa."

Askari alikuwa amekaa huku miaka mingi. Alikitazama kitambulisho, akamtazama Mahat alivyosimama mbele ya mlango wa nyuma mikono imetanda, akacheka. "Mkweo? Haya, pita. Sitaki laana ya mtu."

Mahat aliondoka pale kifua mbele. Ameilinda heshima ya mama wa mkewe, na jioni Nasteha atasikia yote. Alikuwa bado anayapanga maneno ya kumsimulia alipogundua kwamba gari limeruka mashimo mawili makubwa na mbuzi hakulia.

Akapunguza mwendo. Akalenga shimo lingine makusudi. Kimya.

Labda amelala, akawaza. Kisha akamkumbuka mbuzi wa Khalif alivyolala vilevile, bila kelele, bila jeraha, na siku ile hata jua halikuwa kali. "Eedo?" akaita. "Eedo!" Akapiga kioo kwa ngumi, juu ya leso. Hakuna aliyejibu.

Akakanyaga breki, akaruka, akakimbia hadi nyuma, akashika kitasa, na hapo akasita. Ikiwa mama wa watu amelala tu, amevua mtandio kwa joto, naye akamfungulia, atamtazama vipi tena? Nasteha atasemaje? Nampa aibu hii Mahat kwa sababu anaistahili: alisimama pale, mkono juu ya kitasa, huku mtu anakufa, akiwaza habari ya mtandio.

Halafu harufu ya moshi ikampiga puani, akaurusha mlango wa kanopi juu, ule wa pikapu akaubamiza chini.

Mbuzi alikuwa amekufa. Muslimo alikuwa amelala ubavu, mtandio umemtoka, mkono umenyooka hadi kwenye kioo cha kabini, ngumi imekunjwa, haijagonga. Mahat akamkumbatia yule mama ambaye hakuwahi kumgusa hata ncha ya nguo, akamvuta nje, akamlaza penye upepo, akaichomoa ile leso ya kiooni akampepea. Alilia kwa sauti. "Ya Allah, si huyu. Nichukulie gari, nichukulie kanopi, si huyu."

Muslimo akakohoa. Akatapika. Baada ya kitambo kirefu akafumbua macho, na kitu cha kwanza mkono wake ulichotafuta ni mtandio. Mahat akampa huku akitazama kando.

"Hospitali, eedo. Na safari hii mbele."

Hakubisha. Alikaa mbele, uso umefunikwa, kichwa kimeegemea mlango, vioo vyote vimeshushwa. Mahat aliendesha kama mwendawazimu, hofu imemkaba: kama mama atapoteza fahamu tena, yeye atajuaje, na macho hayaruhusiwi kwenda upande ule? "Eedo, nakuomba, gonga dashibodi. Nisikie tu kwamba uko."

Pete ya Muslimo ikagonga plastiki. Ko. Wakapita miti, wakapita ngamia, ko, wakapita matangi ya maji, ko. Mahat aliisikiliza pete ile kuliko injini.

Garissa ilipoanza kuonekana, pete ikanyamaza.

Alingoja. Shimo moja, la pili. Safari hii hakuuliza mtandio uko wapi. Alisimamisha gari katikati ya barabara, akageuka, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa macho mawili.

Muslimo alikuwa macho. Mtandio ulikuwa umeteremka mabegani na hakuuvuta. Alikuwa amechoka, na alikuwa anamtazama pia.

"Mahat," akasema, "kidole kinaniuma. Niulize tu, nitajibu."

Basi akamuuliza, naye akamjibu, hadi mlangoni pa hospitali.