Firigisi ya Mama

Juzi niliona firigisi zikiuzwa kwa kilo sokoni Kitale, nikamkumbuka yule mmisionari kijana kutoka ng'ambo. Alifika kwetu Kibomet alasiri moja, viatu vimejaa vumbi la kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Mama akamchinjia kuku, mchuzi ukanukia hadi barabarani.

Kwetu firigisi ilikuwa ya Babu; Mama alizoea shingo. Mgeni, bila kujua, akampa Mama firigisi.

"Hiyo si ya wanawake!" Babu akafoka.

"Si ni mimi nimepika?" Mama akaitafuna polepole, akimtazama usoni.

Niliamini mwanamke akiila huota ndevu. Nilimchunguza kidevu hadi jioni. Wapi!

Juzi nilinunua kilo nzima, nikawapikia binti zangu. Kaka zao walipata shingo.